Mmepiga Jim Reeves vya kutosha, sasa pigeni wimbo wenu

Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alifariki tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka karibu na mji wa Nashville, Tennessee, katika mvua ya radi. Kenya ilikuwa na miezi saba na ushei tangu ipate uhuru. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, marehemu huyo bado anawapa watu kazi Nairobi na katika miji ya Bonde la Ufa. Wapo wapiga gitaa wanaosomesha watoto kwa nyimbo zake. Jumapili jioni, penye nyama choma na meza za plastiki, mwimbaji akishusha sauti na kusogeza mdomo karibu na maikrofoni, wazee hukatiza mazungumzo, na vijana ambao hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa Reeves alipokufa huimba naye neno kwa neno.

Wapo wanaoliona jambo hili kichekesho. Wanamtazama Mkalenjin au Mkikuyu aliyevaa kofia pana na buti za ngozi, akiimba habari za malisho ya Texas, wanatikisa kichwa. Kicheko hicho hakina msingi. Watu wa Bonde la Ufa walikuwa wakichunga ng'ombe kabla Texas haijaitwa Texas, na kama kuna mtu duniani anayestahili kuimba habari za ng'ombe, mvua iliyochelewa na mama aliyebaki kijijini, ni wao.

Kantri Kenya, basi, si muziki wa wageni waliopotea njia. Ilipitia redioni tangu enzi za Sauti ya Kenya, ikaingia sebuleni kwa santuri na baadaye kwa kanda, na ikabaki. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton na Charley Pride ni majina ya nyumbani. Kenny Rogers alipofariki Machi 2020, Wakenya walimwomboleza kana kwamba alikuwa mjomba wa mtu. Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis, aliyepewa jina la Elvis Presley na wazazi wake, ameifanya kantri kazi ya maisha, na waandishi wa habari kutoka ng'ambo wamemfuata Nairobi kumsikiliza. Esther Konkara naye amethibitisha kwamba jukwaa hilo si la wanaume peke yao. Nyuma ya majina hayo mawili kuna bendi nyingi zisizojulikana nje ya mtaa wao, zinazopiga kila wikendi, vizuri, kwa miaka.

Tatizo liko hapo. Wanapiga vizuri, kwa miaka, na hawajulikani. Makala haya yanasema kwamba wataendelea kutojulikana mpaka waache kuishi kwa kopi.

Kabla ya kuwalaumu, ni haki kwanza kueleza ugumu wa wanachokifanya, kwa sababu kantri ya zamani hudharauliwa na wanamuziki wenzao. Mpiga rumba husema ni muziki wa kodi tatu. Ni kweli: ukianzia G, utahitaji C na D, na kwa kodi hizo utapiga sehemu kubwa ya nyimbo za Hank Williams na za familia ya Carter. Lakini mwulize mpiga solo aliyelelewa na rumba ya Kongo jinsi ilivyomchukua muda kujifunza kunyamaza. Katika rumba gitaa la solo lina ufalme wake; mwimbaji akimaliza, sebene inaanza na hakuna anayemwambia mpigaji ashuke. Katika kantri ya asili solo hujibu tu pale mwimbaji anapovuta pumzi, noti nne au tano, kisha inarudi nyuma. Mpiga besi hurukaruka kati ya noti ya kwanza na ya tano ya kodi na kujizuia asipambe. Mpiga dramu huweka fimbo chini akashika brashi. Bendi nzima inafanya kazi ili hadithi isikike.

Kisha kuna ala ambazo hazipatikani. Gitaa la chuma linalolazwa kama meza, lenye nyuzi kumi, pedali na nyenzo za kusukumwa kwa magoti, ndilo linalotoa ule mlio wa kulia unaowafanya watu waifute miwani. Ni ala ya bei kubwa, na mwalimu wake ni adimu kuliko ala yenyewe. Kwa hiyo mpiga gitaa wa kawaida hulazimika kuvuta nyuzi kwa kidole huku akipandisha sauti polepole kwa kifundo cha gitaa, mpaka mlio ufanane. Fidla nayo ni nadra, na mara nyingi mpiga kinanda huziba pengo. Panapohitajika sauti mbili au tatu zinazopanda pamoja, hapo Mkenya hana wasiwasi, maana kwaya za kanisa zimeshafanya kazi hiyo bure. Bendi inayoweza kufanya yote haya saa nne mfululizo, mbele ya watu wanaogonganisha chupa, ni bendi ya mafundi.

Tena kuna jambo la kuchekesha kuhusu huo uasili wenyewe. Kile ambacho mashabiki wa Nairobi hukiita kantri halisi, yaani Jim Reeves, kilikuwa kitu kipya kabisa kilipotoka. Wimbo wake wa "He'll Have to Go" ulirekodiwa mwaka 1959 chini ya mtayarishaji Chet Atkins wa RCA, wakati Nashville ilipokuwa ikiondoa fidla na banjo na kuweka vinanda laini na sauti za nyuma zilizopangwa kama za kanisani, ili muziki huo uuzike mjini. Wapenda kantri ya mashambani walinung'unika. Reeves aliacha kupaza sauti, akasogea kwenye maikrofoni na kutamka kila neno taratibu. Huenda hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake Afrika: hata aliyejifunza Kiingereza darasani tu aliweza kumfuata hadi mwisho. Mwaka 1962 alizuru Afrika Kusini, na baadaye akaimba hata kwa Kiafrikana na kucheza huko filamu ya "Kimberley Jim". Mtu anayetunzwa leo kama kumbukumbu alipata jina kwa kubadilisha alichokikuta.

Sasa pesa.

Bendi inapopiga wimbo wa mtu mwingine katika baa, mrabaha wa wimbo huo ni wa mtunzi na mchapishaji wake, popote walipo. Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, ina bodi ya hakimiliki, KECOBO, na imekuwa na vyama vya kukusanya mirabaha: MCSK kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa ajili ya waimbaji na wapigaji, KAMP kwa watayarishaji wa sauti. Namna vyama hivyo vinavyokusanya na kugawa imekuwa ugomvi wa miaka mingi, na wanamuziki wengi wana hasira halali. Lakini hata kama kila kitu kingekwenda sawa kesho asubuhi, mpiga kopi asingepata kitu kwa nyimbo alizoimba usiku. Hazikuwa zake. Akipandisha kopi yake kwenye YouTube, wenye wimbo wana haki ya kudai mapato ya tangazo. Anachobaki nacho ni malipo ya usiku ule pamoja na noti alizotuzwa na walevi wenye moyo mwema. Ana mshahara, hana mali. Akiugua koo wiki tatu, wiki tatu hakuna kinachoingia.

Jina nalo hufuata njia ileile. Mtu anayemsikia mwimbaji wa Nairobi akiimba wimbo wa Kenny Rogers vizuri ajabu, akirudi nyumbani atamtafuta Kenny Rogers. Kadiri kopi inavyofanana na asili ndivyo mwimbaji anavyotoweka ndani yake. Ndiyo maana sifa kubwa anayopewa ni kuitwa Don Williams wa Kenya au Jim Reeves wa mahali fulani. Ni sifa ya kweli, imetokana na jasho, na inamfungia mlango.

Hadithi ya mtu aliyeanzisha haya yote inafundisha zaidi kuliko nyimbo zake. Jimmie Rodgers, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1897, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyepigwa na kifua kikuu na kuachishwa kazi hiyo ngumu. Mwaka 1927 alikuwa na kabendi ka kawaida kabisa, ka kupiga dansi na kwenye hoteli za milimani. Waliposikia kwamba Ralph Peer wa kampuni ya Victor anarekodi wanamuziki Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, walikwenda. Usiku wa kuamkia kurekodi wakagombana. Walichogombania ni jina: santuri iandikwe jina la nani? Bendi ikavunjika palepale. Wenzake wakarekodi peke yao, na tarehe 4 Agosti Rodgers akaingia mbele ya maikrofoni na gitaa lake tu, akarekodi nyimbo mbili, akalipwa dola 100.

Kilichofuata ndicho wapiga kopi wanachopaswa kukisoma mara mbili. Peer hakuwa na haja ya nyimbo ambazo watu walikuwa wakizisikia kila mahali. Biashara yake ilikuwa kuandikisha nyimbo na kumiliki haki za uchapishaji, kwa hiyo alitaka wimbo ambao ungeweza kuandikishwa upya. Nyimbo nyingi za bendi ya Rodgers zilikuwa za kopi, zile zilizovuma redioni na kwenye majukwaa ya mjini, na hazikumfaa. Miezi michache baadaye, huko Camden, New Jersey, Rodgers alirekodi "Blue Yodel" yake mwenyewe. Santuri ikauzwa kwa wingi ambao muziki wa mashambani haukuwa umeuona, na alipokufa Mei 1933, akiwa na miaka 35, alikuwa anajulikana mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kupasikia.

Pamoja na Kapkatet, kwa Wakipsigis wa Bonde la Ufa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa asili, alifika kwa Wakipsigis. Santuri za Rodgers zilikuwa zimemtangulia. Alikuta watu wakiimba habari za Chemirocha. Jina la Jimmie Rodgers lilikuwa limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis, na mwenye jina akageuzwa kiumbe: nusu mtu, nusu swala, mwenye sauti na gitaa la ajabu. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Iliyopendwa zaidi ni ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, sauti nyembamba juu ya kinubi cha Kipsigis, wakimwita Chemirocha aje acheze. Hakuna hata noti moja ya Tennessee mle ndani. Wasichana wale walichukua kile kilichowagusa, wakakiingiza katika muziki wao, na ndiyo sababu wapenzi wa muziki duniani bado wanaisikiliza rekodi ile. Kama wangekaa chini na kuiga kwa usahihi yodeli za Rodgers, ule uimbaji wake wa kurusha sauti juu na chini, Tracey asingefungua mashine.

Katika muongo wa 2010, maktaba ya muziki aliyoiacha Tracey Afrika Kusini, ikishirikiana na watu wa Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa mradi wa Singing Wells, ilirudisha rekodi hizo Bonde la Ufa. Baadhi ya wale waliorekodiwa walikuwa bado hai. Walikuwa wamesubiri zaidi ya nusu karne kusikia sauti zao wenyewe, jambo ambalo peke yake lingetosha kwa makala nyingine, ya hasira.

Tracey huyohuyo ndiye aliyemrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952, huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikikimbiza wimbo, akaimba kwa Kiswahili. Wasomi wa muziki wa Katanga wameonyesha kwamba santuri za kantri, za Rodgers zikiwemo, zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosikilizwa na wapiga gitaa wa eneo hilo la migodi. Hakuna anayemsikiliza Mwenda na kusema anaiga. Wimbo wake "Masanga" ulipigwa na kusomwa mpaka ukawa kipimo cha wapiga gitaa wa bara hili. Mwaka 1959 Mwenda alikuwa Nairobi, akiimba hata tangazo la dawa ya Aspro redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakamkodolea macho vidole. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifika huko na nyimbo zake, kwa lugha yake.

Na mtu akitaka mfano wa karibu zaidi, aende kwenye mugithi, muziki wa dansi wa Wakikuyu. Mtu mmoja, gitaa moja, mashine ya midundo, na ukumbi mzima umejipanga mstari, mmoja kamshika mwenzake mabega, wanazunguka meza kama mabehewa. Rodgers, mfanyakazi wa reli, angefurahi. Sikiliza besi inayorukaruka katika nyimbo nyingi za Kikuyu za miaka ya 1970 na 1980, sikiliza jinsi hadithi inavyosimuliwa beti kwa beti bila haraka, na utatambua santuri zilizokuwa zikichezwa katika nyumba zile. Mike Rua na wenzake wanajaza kumbi bila kuomba ruhusa Nashville. Mugithi una kasoro zake, na matusi ya saa nane usiku si sanaa ya kujivunia, lakini una kitu ambacho bendi ya kantri ya mtaani haina: ni wa wenyewe.

Katika historia ya kantri huko Marekani kuna onyo jingine, na linawahusu Waafrika moja kwa moja. Banjo ni ala iliyotokana na ala za Afrika Magharibi. Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi, alizunguka na A. P. Carter, wa familia ile ya Carter, milimani wakikusanya nyimbo. Carter alishika maneno, Riddle alishika sauti kichwani, na Maybelle Carter alijifunza kwake namna za kupiga gitaa. Karatasi za hakimiliki zikabeba jina la Carter. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa nyota wa kwanza mweusi wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry tangu miaka ya 1920. Mwaka 1941 alifukuzwa, akaishi kwa kung'arisha viatu, na aliingizwa katika jumba la heshima la kantri mwaka 2005, akiwa ameshakufa. Charley Pride alipotoa santuri zake za kwanza mwaka 1966, kampuni ilizipeleka redioni bila picha yake. Yeye angalau alivuka: mwaka 1971 alitajwa msanii bora wa mwaka wa kantri.

Ubaguzi ulifanya kazi yake, hilo halina ubishi. Lakini Riddle hasa alipotea kwa sababu hakuna karatasi iliyomtaja. Aliyeandika jina ndiye aliyekumbukwa, na huu ni mwaka wa ngapi wanamuziki wetu wanaendelea kutunga nyimbo bila kuziandikisha popote?

Zama zimebadilika kiasi. Mwaka 2024 Shaboozey, Mmarekani mwenye wazazi Wanaijeria, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Collins Obinna Chibueze, alikaa kileleni mwa chati kuu ya Marekani kwa wiki 19 na wimbo wa kantri, akafikia rekodi ya Lil Nas X ya mwaka 2019. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Beyoncé akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa Grammy ya albamu bora ya kantri. Mlango ambao Bailey alifungiwa sasa uko wazi nusu, na wanaoingia wanaingia na nyimbo zao.

Kama hao ni wakubwa mno kulinganishwa na bendi ya mtaani, watazamwe Dusty & Stones. Gazi Simelane na Linda Msibi ni binamu kutoka Eswatini, nchi ndogo ambako kantri inapendwa kama inavyopendwa Kenya. Walitunga nyimbo zao, wakazipiga miaka mingi katika nchi isiyo na soko la kutosha hata la mkanda mmoja. Kisha wakaalikwa kushindana Texas, na wakiwa safarini wakaingia studio Nashville, ambako wapigaji wa kulipwa walipiga nyimbo zilizotungwa Eswatini. Filamu kuhusu safari yao, iliyoongozwa na Jesse Rudoy, ilitoka mwaka 2022. Inafaa kuulizwa bila kuzungushana: wangealikwa kama kazi yao yote ingekuwa kumwiga George Strait? Texas wana waigaji wa George Strait wa kutosha.

Mwenye baa atasema mambo haya ni rahisi kwa mwandishi aliyeketi na kalamu. Mteja hakuja kusikiliza majaribio. Akisikia wimbo asioujua anaangalia simu, na akiangalia simu hanunui bia. Pingamizi hilo lina uzito na halifai kupuuzwa. Kopi ni kazi halali, imelisha familia, na kuna usiku ambao mtu anataka tu kusikia wimbo ambao baba yake aliupenda. Hakuna anayeomba Jim Reeves afukuzwe. Kinachoombwa ni wimbo mmoja katika kila awamu ya jukwaa, baada ya ule unaopendwa zaidi, watu wakiwa bado wamejaa furaha. Mwimbaji autaje, aseme umetoka wapi, aupige wiki ijayo tena, na ijayo. Hakuna wimbo uliopendwa ambao haukuwa mgeni siku ya kwanza.

Pingamizi gumu zaidi ni la lugha. Wanakantri wengi wa Kenya hutunga kwa Kiingereza, kwa hofu kwamba kantri ya Kiswahili itasikika kama tangazo la sabuni. Hofu hiyo ina sababu ya kiufundi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mstari huisha ukiwa umelegea kidogo. Mistari mingi ya Kiingereza huisha kwa pigo moja zito. Ukichukua wimbo wa Hank Williams ukaubandika maneno ya Kiswahili, utachechemea. Dawa ni kutokubandika. Mtunzi aanze na sentensi ya Kiswahili aliyoisikia kituoni, aiseme mara ishirini, kisha aifuate inakokwenda. Mwenda alifanya hivyo. Marijani Rajab alifanya hivyo pia: "Mwanameka" na "Zuwena" ni hadithi za watu wa kawaida, zina mwanzo, zina majuto, na msikilizaji hawezi kuondoka kabla hajajua yaliyompata mhusika. Mbaraka Mwinshehe aliimba shida akiiita shida. Remmy Ongala aliimba kifo na umaskini mpaka ukumbi ukacheza. Hakuna kati yao aliyejiita mwanakantri, lakini kama kantri ni hadithi ya mtu wa kawaida ikisimuliwa wazi juu ya gitaa, Tanzania ilikuwa na shule yake.

Na mada zimejaa hadi zinamwagika. Wamarekani wana mamia ya nyimbo za madereva wa malori. Sisi tuna barabara ya Mombasa hadi Malaba, yenye wanaume wanaolala Mtito Andei, Mlolongo na Salgaa, wenye mke nyumbani na simu isiyopokelewa, wanaosubiri mpakani kwa siku kadhaa huku mzigo ukioza. Nani amewaimbia kwa gitaa la kulia? Tuna mfugaji aliyeuza ng'ombe wa mwisho baada ya mvua kukosekana. Tuna mkulima wa chai au kahawa anayesubiri bonasi mpaka mtoto anafukuzwa shule. Tuna yaya aliyekwenda Ghuba akaacha mtoto kwa bibi. Tuna shamba la baba linalogombaniwa na ndugu wanne kabla matanga hayajaisha. Hank Williams, aliyekufa Januari 1953 akiwa na miaka 29, angeitazama orodha hiyo kwa wivu.

Watangazaji wa redio nao wana deni. Vipindi vya kantri vya wikendi havijafa, na vina wasikilizaji waaminifu kuliko vipindi vingi vya mchana. Mtangazaji anayecheza nyimbo ishirini za marehemu anaweza kucheza moja ya bendi ya Kikuyu, Nakuru au Kericho. Asiicheze kwa huruma. Ikiwa mbaya aseme ni mbaya, maana bendi itajifunza zaidi kwa kukosolewa hewani kuliko kwa kupigiwa makofi na jamaa zake.

Bendi nazo ziache kisingizio cha kungoja promota. Nyimbo tatu zilizotungwa vizuri, zikarekodiwa kwa gitaa, besi, brashi na sauti mbili, hazihitaji studio ya kifahari. Ziandikishwe KECOBO kabla hazijapigwa hadharani, na makubaliano yaandikwe mapema nani katunga nini na jina gani litakaa juu, ili yasije yakawakuta ya Rodgers na wenzake usiku wa kuamkia bahati yao. Mpiga solo aliyetunga ule mchezo wa gitaa unaotambulisha wimbo atajwe naye. Akina Riddle wametosha.

Na wewe msomaji, unayeijua bendi ya mtaani kwenu na unayekwenda kuisikiliza Jumapili: mwimbaji akisema sasa wanapiga wimbo wao wenyewe, huo si wakati wa kuinuka kwenda msalani. Kaa. Ukiupenda mtuze, na Jumapili ijayo uuombe kwa jina.